Jina Lake Bado

Nilimleta Usoke ndani ya kikapu cha muhogo,
miezi miwili, tumbo kama ngoma,
miguu minne isiyojuana.
Nilimnunua kwa nusu debe la asali.
Nyamizi akauliza, "Ana jina?"
Nikasema, "Bado."
Watoto wakadakia: "Bado! Bado! Njoo!"
na mkia ukakubali kabla sijasahihisha.

Hivyo ndivyo kosa langu la kwanza lilivyoota miguu,
likazunguka uani,
likakojoa kwenye kiatu changu cha kanisani.

La pili: vifaranga watatu wa Mama Kalunde.
Nililipa, na bado huyo mama hupita akihesabu kwa sauti.
La tatu: nilimfunga kamba, akalia
mpaka treni ya Kigoma ikapita saa nane usiku.
Akanyamaza, akaisikiliza yote, behewa kwa behewa,
kisha akaanza upya kwa sauti ya treni.

Sikuwahi kufuga mbwa.
Kwetu mbwa alikuwa wa nje,
wa kutupiwa ukoko na jiwe
kwa mkono uleule.
Sikujua kiumbe anaweza kukutazama vile,
kana kwamba wewe ndiye uliyeipanga asubuhi.

Kapaya, fundi baiskeli, aliyewahi kuwa na mbwa wa ndege,
alinipa bawa la kwale na mshipi wa kuvulia.
"Funga kwenye ufito. Akirukia, inua.
Akisimama, msifu. Basi."
Nikatupa. Akarukia. Nikainua.
Nikatupa. Akarukia.
Wiki tatu nilivua mbwa kwenye vumbi,
wapita njia wakiuliza kama ziwa limehamia Usoke.

Nilimpa yai achukue bila kulivunja,
nimfundishe mdomo mwepesi.
Alilichukua vizuri sana.
Ganda nililikuta jioni, chini ya kitanda.
Nilimgongea mfuniko wa sufuria akiwa anakula,
kwanza kwa mbali, kisha karibu,
asije akaogopa mlio wa bunduki.
Hakuogopa. Jirani ndiye aliyekuja kuuliza nani amefariki.

Halafu siku moja, labda kwa kuchoka tu,
alisimama.
Mguu wa mbele umekunjwa,
pua imenyooka kama kidole cha shahidi,
bawa liko hatua mbili mbele yake, limelala.
Nikasahau kumsifu. Nikamwita kwa mnong'ono: "Bado..."
Hakuja.
Akazidi kusimama.

Nilipomsimulia Kapaya, spoki zilimdondoka mdomoni.
"Sasa hapo ulimwita, au ulimkataza?"

Nikarudi nyumbani nikaisikiliza nyumba yangu.
Umeoga? Bado.
Uji umeiva? Bado.
Hela ya tumbaku imetoka? Bado, bado.
Mbwa amekulia ndani ya neno hilo
akijua kuwa likitajwa, hakuna kinachotokea;
watu wanabaki walipo, wanatazama mlangoni.
Basi nikanunua filimbi ya mwamuzi ya kumwitia,
jina nikaliacha lifanye kazi yake.

Mwezi wa saba, umande wa kukata vifundo,
tulitoka, kibali mfukoni,
tukapita matuta matupu ya tumbaku
hadi pale miyombo inapoanza kushikana.
Alikuwa anakimbia ovyo, ulimi pembeni, mtoto tu.
Ghafla upepo ukamshika puani.
Akageuka kuwa mti.

Sikuona kitu. Nyasi, majivu, kichuguu.
Nilimwamini kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwamini.
"Bado," nikamwambia.
Mkia wake haukusogea, ila ngozi ya mgongo ilikuwa inatetemeka
kama maji ya sufuria kabla ya kuchemka.

Kanga kumi na mbili wakapasuka kutoka ardhini.
Nikafyatua.
Nikawakosa wote kumi na mbili.
Mbwa akautazama mti, akaitazama anga,
akanitazama mimi, muda mrefu, kwa adabu.

Nyamizi alikuwa kizingitini, sufuria tayari motoni.
"Mmepata?"
"Bado," nikasema.
Nyuma yangu, katikati ya uwanja,
mbwa akasimama, mguu mmoja juu.